Pambo la Mezani Lililonisemesha

Namshukuru Mungu kwa mama mkwe niliyepewa, maana aibu hii ingetosha kunirudisha kwetu Kang'ata.

Alikuja Korogwe kututembelea kutoka Moshi. Nikataka meza ipendeze. Nikachukua chupa tupu ya jamu, nikaifunga kamba ya katani shingoni, nikatia majani marefu ya kijani niliyoyakata uani kwa jirani. Mtori, ile supu ya ndizi na nyama ya Wachaga wa kwao, siujui kuupika, kwa hiyo nikaununua kwa mama ntilie, nikaumimina kwenye bakuli langu, nikajifanya mpishi.

Tulipoketi, mama mkwe akayatazama yale majani, kisha akanishika mkono.

"Nimekusamehe, mwanangu. Sema tu, umenikosea nini?"

Nikajua nimekamatwa. Machozi yakanitoka.

"Mama, mtori nimenunua."

Mume wangu akashusha kijiko. Mama akashangaa.

"Kumbe ni hilo tu? Basi limekwisha. Kwetu Uchagani, anayeleta masale anaomba radhi, na hakataliwi."

"Masale ndiyo nini, mama?"

Akanionyesha yale majani kwenye chupa yangu.

"Hayo? Mimi nimeweka pambo tu!"

Mama akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Masikini mwanangu! Sasa si ungenyamaza?"