Mahali pa Uyoga wa Mama

Kwetu, mwanamke haonyeshi mtu mahali anapochuma uyoga. Atakupa chumvi, atakupa moto, atakuazima hata leso ya kuendea matangani, lakini ukimuuliza uyoga wake umetoka wapi atakujibu, "Huko chini tu," na mkono wake utaelekea pande zote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama alikuwa na mahali pake kando ya mto unaopita chini ya shamba letu, upande wa Malinya, na kati ya mabinti zake wawili alimchagua dada yangu apaone. Mimi nilikuwa kitindamimba, na sikuchaguliwa.

Nisimsingizie dada. Vitu vingine vyote vya mto alinipa bila choyo. Jumamosi, wanaume wakienda kutazama mafahali wakipigana, sisi tuliteremka na karai la nguo. Tulifua haraka haraka, tukaanika juu ya vichaka, na mto ukawa wetu mpaka nguo zikauke. Alinionyesha tundu la ndege mdiria kwenye ukingo wa udongo mwekundu. Tulilala kifudifudi kumngoja atoke, na alipochomoka na ile buluu yake nilipiga yowe, dada akanifinya. Alinionyesha kenge akiota jua, na jinsi ya kumpita bila kumkera. Juu ya mkuyu kulikuwa na kiota kikubwa cha yule ndege mwenye kichwa kama nyundo, ambaye hujengea kila takataka anayookota: kipande cha neti, utepe, soksi moja ya mtoto.

"Hiyo soksi ni yako," dada aliniambia. "Anakuwekea mpaka uolewe."

Tulikula mapera mpaka matumbo yakauma. Tuligeuza mawe kutafuta kaa, tukawatazama wakitembea upande upande, tukawarudishia mawe yao. Nimetembea kwingi tangu wakati huo na sijapata tena furaha ya namna ile.

Lakini kila tulipofika penye mianzi, dada aligeuka.

"Tunarudi."

"Kwa nini?"

"Mama amesema."

Jibu hilo lilinichoma. Mwaka nilipokuwa darasa la sita, mvua ndefu zilipoanza, mama na dada waliamka alfajiri wakachukua kikapu, nami nikawafuata. Nilijificha kwenye matete. Nikaona kichuguu cha zamani, kimesinyaa, na uyoga umejaa juu yake, mweupe, mpana kama sahani. Mama aliinama akachuma mmoja mmoja kwa vidole, akizungusha shina taratibu na kuacha ule mdogo.  Dada naye alifanya vivyo hivyo.

Kesho yake nilirudi peke yangu, na jembe. Naandika neno hilo na aibu inanipanda hata leo. Nilitaka kuleta kikapu kikubwa kuliko chao, niseme nimepata mahali pangu, mama aone kwamba alichagua vibaya. Shina la uyoga ule huenda chini sana. Nililifuata kwa jembe mpaka kwenye vyumba vya mchwa, nikayapasua yale masega ya kijivu yanayouotesha. Mchwa walinipanda mikononi wakaning'ata mpaka damu. Nilipotazama nilichofanya niliogopa. Nilitupa uyoga wote mtoni, nikaosha jembe, nikaenda nyumbani.

Mama alipokwenda tena alikuta shimo. Kwa hesabu yake, aliyepajua pale pamoja naye alikuwa mmoja tu. Hakumpiga dada, na afadhali angempiga. Alimwambia mbele yangu, tukimenya viazi, "Wewe una mkono wa pupa. Sitakuonyesha kitu tena."

Dada alinyanyua uso ili akane. Kisha akaona vidole vyangu, vilivyojaa alama za mchwa. Akainama, akaendelea kumenya. Hakusema kitu siku hiyo wala baadaye, na Jumamosi iliyofuata alinipeleka mtoni kama kawaida.

Uyoga haukuota pale tena. Dada alipoolewa Khwisero, mama alimwambia mama mkwe wake kwa mzaha, mbele ya wageni, "Huyu msimtume uyoga, atawachimbia kichuguu chote." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho ndicho kinachonifanya nijichukie kuliko hata lile jembe.

Mwaka jana saratani ilimchukua dada. Nilikaa naye hospitalini majuma matatu. Nilimwosha, nilimnywesha uji, nilimkumbusha kenge na soksi, naye alitabasamu. Kila jioni nilijiambia kesho nitamwomba msamaha. Sikuomba. Tulimzika huko alikoolewa, na binti yake wa miaka kumi akaja kuishi na mama. Mimi nafanya kazi Kakamega mjini, nikawa narudi kila mwisho wa juma.

Aprili hii, mvua ilipokolea, mama aliniita. Siku hizi anatembea na fimbo.

"Twende mtoni," alisema. "Niko na mahali pengine. Sijaonyeshanga mtu."

Tuliteremka polepole. Mto si ule. Maji yamekuwa tope kwa ajili ya wachimba dhahabu walioko juu, mkuyu ulikatwa, na ng'ambo ni mikaratusi mitupu. Lakini mdiria bado yupo. Alipita chini chini juu ya maji, buluu ile ile, nami nikageuka upesi nimwonyeshe dada.

Mama alidhani nimechoka. Alisimama kunisubiri, akasema, "Dada yako alikuwa mtoto mzuri, lakini mkono wake ulikuwanga wa pupa. Wewe uko na subira. Ndiyo maana nakuonyesha wewe."

"Mama, ni mimi niliyechimba."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamtajia jembe, mchwa, na uyoga nilioutupa majini.

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Na hakusema."

"Hakusema, mama."

Mama alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, yeye ambaye hakalii hata kiti kibichi. Alilia bila sauti. "Nilimsema mpaka kwa wakwe zake," alisema. "Alikuwa anakuja Krismasi na sukari, na mimi namwambia asiguse kikapu changu." Nilitaka kumshika mkono. Aliuondoa taratibu, bila hasira. Baadaye aliniomba nimwinue, na tukarudi nyumbani bila kufika.

Kesho yake alfajiri nilimkuta mlangoni na kikapu. Kando yake alisimama mjukuu, amevaa gambuti za marehemu mama yake, zinampwaya.

"Kisu wacha hapa," mama alikuwa akimwambia. "Tunachumanga na vidole tu." Kisha akanigeukia. "Wewe tuchemshie chai."

Walishuka kati ya migomba, mtoto akiuliza jambo, mama akiinama kumjibu. Njia naijua, na matete bado yapo. Niliwasha moto, nikainjika chai, nikawangoja warudi.