Trekta la Bwana Thuwein na Kipande Chetu cha Mpunga

Zamani mke hakumtaja mumewe kwa jina. Nilimwita Baba Moza maisha yetu yote, naye akiniita Mama Moza. Sasa ametangulia mbele ya haki, na wajukuu wanataka kujua babu yao alikuwa mtu gani, basi nitamtaja: Msellem bin Jecha wa Vitongoji, mchumaji karafuu asiyekuwa na mfano wake. Wako waliobakisha vishada vya kileleni kwa kuogopa. Msellem hakubakisha.

Na mikarafuu hiyo hiyo ndiyo iliyomvunja. Mavuno ya mwaka wa hamsini na nane tawi lilikatika naye, akaanguka, goti la kulia likavunjika. Mganga wa viungo alilifunga vizuri, mfupa ukaunga, lakini goti halikukunjika tena. Mguu ukabaki umenyooka kama mchi. Mtu wa namna hiyo hapandi mti, wala hainami na jembe.

Sasa nieleze bonde. Bonde letu la mpunga lilikuwa na sheria yake. Kila nyumba ilikuwa na kipande, na kipande hakikuwa na hati ila jembe. Kabla ya masika watu hukusanyika mdomoni mwa bonde, husoma dua, na siku hiyo hiyo kila nyumba hulima kipande chake, kwa chuma chake na mkono wake, kabla ya adhuhuri. Mwenye maradhi hulimiwa na wenzake mwaka mmoja. Mwaka wa pili, akiwa bado hawezi, kipande hupewa mwengine. Haukuwa uonevu, vijana wanaooa walikuwa wengi na bonde ni lile lile.

Mwaka wetu wa kulimiwa ulishapita. Ningelima mimi, maana mpunga kwetu ni kazi ya wanawake zaidi, lakini nilikuwa na mimba, na zilizotangulia baada ya Moza ziliharibika. Mkunga wangu, Bi Kijakazi, alinishika mkono akanambia, "Mwanapili, jembe mwaka huu ulione kwa macho tu."

Kipande kile alikilima mamake Msellem mpaka anakufa. Jirani yetu Soud alikuwa na mwana aliyeoa karibuni, na kila akipita pale alikipima kwa macho.

Ndipo Msellem alipokwenda kwa Bwana Thuwein, wa asili ya Omani, mwenye mashamba ya juu ya kijiji. Babake Bwana Thuwein alinunua trekta dogo la bustani kabla ya vita, apalilie baina ya mikarafuu. Likamkatia mizizi, akalitupa ghalani. Tangu hapo kuku wakitagia humo.

"Unalitaka la nini?" Bwana Thuwein akauliza. "Mayai?"

"Nataka kulikalia kitako, Bwana. Mimi nina mguu mmoja, lenyewe lina minne."

Bwana Thuwein alicheka mpaka akafuta macho. "Haya, chukua. Lakini kuku wanaoatamia usiwatoe mpaka watotoe."

Msellem akangoja watotoe. Kisha tukalivuta kwa kamba mpaka uani kwetu, kijiji kizima kikitutazama. Siku hizo watu walishaanza kugawika kwa vyama, hata dukani. Soud akauliza kwa sauti, "Msellem, trekta lako hili chama gani?"

"Chama cha petroli. Ukitaka kadi, lete dumu."

Ujanani mwake Msellem alifuatana na gari la abiria la Kengeja, akimsaidia dereva wake, Amur. Kwa hiyo injini hakuiogopa, na Amur akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala kumwelekeza. Pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu. Wakaimiminia mafuta ya taa, na kila asubuhi Msellem akaigonga kwa kipande cha gogo, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Siku pistoni iliposogea aliniita jikoni kwa kelele, nikadhani Moza kaumia. Kabureta ilijaa udongo wa manyigu. Akaisafisha kwa unyoya wa kuku. Plagi aliipata Chake Chake.

Kisha akaanza kulivisha. Springi kuukuu ya gari la Amur aliipeleka kwa mhunzi, akavukuta moto mwenyewe, ikatoka plau ya kupasua ardhi. Misumari ya mashua aliyoiomba bandarini Wesha akaipigilia kwenye boriti, ikawa reki ya kuvunja mabonge. Akaunda na kigari cha kufunga nyuma, cha kuchukulia mpunga. Mwisho akachonga vibao vya mfenesi vya kufunga kwenye magurudumu yake ya chuma, ati vitashika tope. Nilivicheka. Nilimwambia trekta litavaa mitalawanda, viatu vya mti.

Ilibaki sanduku la gia, lililotaka mafuta mazito. Sisi watu wa pwani, mashua tunaipaka mafuta ya papa. Msellem akaona linalofaa mashua halitadhuru trekta. Akajaza mafuta ya papa.

Siku ya dua ikafika, Shaabani ya mwaka wa sitini. Nilikuwa bondeni na wanawake wenzangu tuliposikia linanguruma. Kabla hatujaliona, tulilinusa. Gia zilishapata moto, na mafuta yale nayo. Nyuma yake walifuata paka wa Vitongoji nzima, mikia juu.

"Mwanapili!" Bi Zuweina alipiga ukelele, kanga puani. "Mumeo anakwenda kuzika papa?"

Bi Tamima, mwanamke mkubwa aliyeangalia mambo ya bonde, akainua mkono. "Msellem mwanangu, malaika hukerwa na uvundo, na hapa pana dua. Chombo hicho hakiingii."

"Bi mkubwa, adhuhuri ikinikuta nje, ndio basi tena."

"Najua. Kisafishe. Sisi tunasoma."

Msellem akateremka. Akazima, akafungua sanduku la gia, akayamwaga mafuta yote mbali na njia. Paka wakahamia huko. Mimi nikaenda nyumbani kwa mwendo wa mwenye mimba, nikarudi na mafuta yangu yote ya nazi, ndimu, majivu na chetezo. Tukalisugua, na mafuta ya nazi tukayatia kwenye sanduku la gia. Kisha nikatia udi, nikalifukiza kila upande, chini na juu, kama bibi harusi.

"Lipakeni na hina kabisa!" Soud akasema.

"Lina hina tayari," Msellem akajibu. "Hiyo kutu."

Dua ikaisha. Msellem akazungusha hendeli, kimya. Akazungusha tena, kimya. Mara ya tatu likanguruma, wanawake wakapiga vigelegele, likaingia bondeni. Na pale pale magurudumu yakazunguka bure topeni. Vigelegele vikakatika. Soud akatazama jua.

 Msellem alishuka, akavifunga vile vibao vya mfenesi kimoja kimoja, akapanda tena, mguu wake mmoja umetangulia mbele kama mshale. Likajivuta. Likenda. Nyuma yake udongo mweusi ukageuka kwa mistari iliyonyooka. Adhana iliposikika alikuwa anamaliza mstari wa mwisho, kwenye tuta la mpaka.

"Haifai," Soud akasema. "Sheria ni mkono wake. Ntu kakaa kitako! Mkono uko wapi?"

Bi Tamima aliteremka mpaka kwenye kipande, akachukua bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, kisha akaonyesha usukani. "Nawe Soud jembe lako hulishiki mpini? Lake mpini wake wa duara." Akatupa udongo. "Chuma chake, mkono wake. Kipande ni cha Msellem."

Soud akasimama akijikuna shingo. Kisha akasogea karibu na trekta. "Basi, Msellem ndugu yangu… na kwangu kule je?"

Kwake alikwenda, na kwa Bi Zuweina, na kwa Bi Tamima. Nilipompelekea wali na samaki, jua lilishapinda.

"Baba Moza, shuka ule."

"Nikilizima huenda lisiwake tena, Mama Moza, na watu wameshashika zamu."

Nikapanda tuta, nikanyoosha mkono, nikamlisha tonge kwa tonge huku trekta linanguruma, mbele ya bonde zima, jambo ambalo mke wa siku zile hakulifanya hadharani.