Kikapu kimoja huzidi mezani

Jua halijavuka uzio, na Mama Vikapu tayari amelowa mikono hadi viwiko. Anazitoa karoti kwenye karai la maji, anazikung'uta, anazilaza na majani yake juu ya meza ndefu ya mbao. Mbele yake vikapu vimepangwa safu mbili, midomo wazi, kama makinda yanayongoja kulishwa.

Kilicho kizito kinatangulia chini: boga, kabichi, viazi. Halafu bitiruti na karoti. Majani ya kunde na mchicha yanakaa juu kabisa, yamefunikwa kitambaa kilicholoweshwa.

"Mboga ya majani ni kama mgeni mwenye haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Ukichelewa kumhudumia, anaaga."

Dereva wa pikapu anaanza kupakia. Anakwenda na kurudi mpaka mezani kinabaki kikapu kimoja kisicho na mwenyewe. Anakitazama, kisha anamtazama Mama Vikapu.

"Kimezidi tena, dada."

"Basi kipeleke."

"Nakipeleka."

Wamekuwa wakisema maneno hayo hayo kila Ijumaa ya mavuno, huu ni msimu wa tatu.

Shamba lenyewe liko pembeni ya mji, nyuma ya ukuta wa karakana ya magari. Ni shamba la watu wengi. Kaya sitini na ushee hulipa kabla mbegu haijaingia ardhini, kisha kila wiki hupata kikapu cha kile ardhi ilichotoa. Mvua ikiwa njema, kikapu hufurika. Wadudu wakila kabichi, wanachama nao hukaa bila kabichi, na hakuna anayekuja kudai chenji.

Mama Vikapu ana miaka hamsini na tisa. Alifiwa na mumewe mapema, akalea watoto wanne kwa kufua nguo za watu, mpaka mgongo ukamwambia basi. Kazi ya kufungasha mboga aliipata hapa. Mshahara, anasema, "unafika kwenye kodi ya chumba na unga, halafu unachoka." Juu yake kuna kikapu chake mwenyewe kila wiki, na hicho hakijawahi kuchoka.

Wanachama wanaoishi jirani huja wenyewe langoni. Hapo ndipo kazi yake ya pili inapoanza, ile ambayo hakuna aliyempa.

"Mama, na hii nayo naila vipi?" anauliza kijana mmoja kapera, ameishika bitiruti kwa majani kama anayemshika panya mkia.

"Kwa mdomo, mwanangu."

Foleni inacheka. Kapera naye anacheka, maana wiki ya kwanza, alipoona maji mekundu, alimwaga sufuria nzima akidhani amejikata kidole. Mama Vikapu anamsogeza pembeni, asimwaibishe zaidi. Anamwambia aichemshe na ganda lake, na mkia asiukate, vinginevyo rangi yote itaishia majini. Ikipoa, ganda litabanduka lenyewe. Majani asiyatupe, ayakatekate, ayakaange na kitunguu, ageuze mara mbili tatu, aepue.

Nyuma yake yuko mwalimu mstaafu, analalamika kwamba boga la wiki iliyopita lilikuwa chapwa.

"Ulilipikaje, mwalimu?"

"Nilimenya, nikatia maji, nikachemsha."

"Hilo uliliogesha, hukulipika. Safari hii lipasue na ganda lake. Panga vipande, nyama itazame juu. Maji yawe kidogo tu, ya kuzuia sufuria isiungue. Funika, moto uwe mdogo, halafu nenda kasome gazeti. Na mbegu usimpe kuku. Zioshe, zianike, uzikaange kavu na chumvi."

"Mama yangu alikuwa anafanya hivyo," mwalimu anasema, na kwa muda anasahau kuondoka. Mama Vikapu hamharakishi. Anahudumia waliobaki kwa kuwapitisha upande wa pili.

Kikapu kinachozidi kilikuwa cha kitinda mimba wake.

Hapa shambani wanamwita Chiriku, kwa sababu akiingia langoni sauti yake ilikuwa inafika kwenye matuta kabla ya miguu. Alipanga chumba mtaa wa pili na alikuwa mwanachama. Kila Ijumaa alikichukua kikapu chake, cha mwisho kwenye safu ya pili, akakaa juu ya gunia na kumsimulia mama yake wiki nzima huku akitafuna karoti mbichi.

Kisha akapata kazi nchi ya mbali, ya kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake. Aliondoka siku ya Jumatano. Ijumaa iliyofuata Mama Vikapu alifungasha kama kawaida, na alipomaliza, kikapu cha mwisho kwenye safu ya pili kilikuwa kimejaa, na karoti ya kutafuna imewekwa juu.

"Kichwa kilijua ameondoka," anasema. "Mkono ulikuwa haujapewa habari."

Alitaka kuvirudisha vile vitu kwenye karai. Dereva, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikiinua kile kikapu, akasema anamjua bibi mmoja kwenye kona ya barabara ya chini anayeishi peke yake na hawezi tena kwenda sokoni. Wiki ya pili kikazidi tena. Wiki ya tatu pia.

Msimamizi wa shamba, mwanamke ambaye kwa umri angekuwa binti yake, hakuwahi kumsahihisha. "Nikigawa mavuno, nahesabu vikapu vilivyoko mezani," anaeleza akitazama matuta. "Hivyo ndivyo vilivyopo. Karoti chache chache kutoka kila kimoja, nani ataumia?"

Siku hizi Mama Vikapu anajua anachofanya. Kwa kuwa bibi wa kona hana nguvu ya kushika kisu, boga la kikapu kile analimenya, kunde anazichambua kabisa, zinakuwa tayari kwa sufuria. Hawajawahi kuonana. Lakini kikapu hurudi kila wiki na kile kitambaa kikiwa kimefuliwa na kukunjwa pembe nne, na Mama Vikapu, mfuaji wa zamani, hukinusa na kusema, "Huyu mtu anasuuza mara mbili."

Chumba chake kiko hatua chache kutoka shambani. Kuna kitanda, jiko, viti viwili na kabati. Juu ya kabati, kwenye kitanda cha nyasi kavu, limekaa boga moja kubwa la rangi ya kijivu, kikonyo chake kimeachwa kirefu.

"Boga ukilikata bila kikonyo, linaoza. Ukiliweka kwenye saruji, linaoza. Likigusana na mwenzake, linaambukizwa. Lakini ukiliheshimu," anasema akiligeuza taratibu kama anayemgeuza mgonjwa, "linakungoja. Mboga zote ninazozishika hazina subira. Hili tu ndilo tunaloelewana."

Boga la kwanza alimwekea Chiriku msimu ule alioondoka. Lilikaa hadi likaanza kulainika chini. Alilipeleka shambani, wakalipika, wakalila wote kimya kama watu waliotoka mazikoni, mpaka dereva aliposema chumvi imezidi. Hapo wakacheka. Mbegu zake Mama Vikapu alizianika, akazipanda. Boga la msimu wa pili nalo likafuata njia ileile. Hili la juu ya kabati ni mjukuu wa lile la kwanza.

Safari hii halikuwa la kungoja bure. Chiriku aliahidiwa likizo, na likizo iliangukia wiki ya mwisho ya mavuno, kabla ardhi haijaachwa ipumzike. Mama Vikapu alinunua kiti cha pili. Alimwomba msimamizi asichume kunde za tuta la mwisho, lililochelewa kupandwa, kwa kuwa mwanawe hazipendi zikikomaa. Anazitaka changa, zile zinazokatika kwa kucha.

Ijumaa inayofuata ndiyo ya wiki yenyewe ya mwisho. Simu inaita akiwa kwenye karai. Anapangusa mikono kwenye aproni, anaiweka simu mezani kati ya karoti, spika ikiwa wazi ili aendelee kufungasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Uko kwenye vikapu? Kuna nini leo?"

Ni mchezo wao. Mama anamtajia kila kilichopo mezani, kimoja kimoja, na Chiriku anaitikia kwa mguno kama anayeonjeshwa.

"Huku maboga yapo mwaka mzima, mama," anasema. "Dukani, yamekatwa, yamefungwa kwenye plastiki. Mchicha hivyo hivyo. Hakuna kinachokuja wala kinachoondoka. Hutamani kitu."

"Nawe si unakuja wiki hii utamani huku."

Upande wa pili sauti inashuka. Chiriku si mtu wa sauti ya chini. Mikono ya Mama Vikapu inasimama.

"Bibi ameanguka, mama. Nyonga. Amerudishwa jana kutoka hospitali na hataki kushikwa na mtu mwingine. Nikitoka hata kwenda dukani analia. Wanawe wameniomba nisiende mpaka apone. Wameniomba, hawakuniamuru."

"Itachukua muda gani?"

"Hawajui."

Dereva, aliyekuwa ameacha redio ya gari ikiimba, ananyoosha mkono dirishani na kuizima. Msimamizi anajifanya anafunga gunia ambalo tayari limefungwa.

"Anakula?" Mama Vikapu anauliza mwishowe.

"Kidogo sana. Anasema kila kitu hakina ladha."

"Hilo boga lenu la dukani, lipike kwa mvuke, usilitie maji. Liponde na siagi kidogo. Usiweke viungo, tumbo lake limechoka dawa. Mlishe kwa kijiko kidogo na uongee naye. Wewe hukosi la kusema."

"Mama."

"Nakusikia."

"Boga lako bado liko juu ya kabati?"

"Liko. Nililigeuza jana."

Simu inapokatika, Mama Vikapu anaitia mfukoni mwa aproni. Anarudi kwenye safu ya pili. Anaweka kabichi, anaweka bitiruti. Anafika kwenye kikapu cha mwisho, anakaa, analimenya boga la bibi wa kona, taratibu kuliko siku zote, halioni ganda likianguka nje ya ndoo.

"Ningemwambia aje, angekuja," anasema baadaye. "Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini nilimlea mimi. Nikimfundisha kumwacha mtu kitandani, siku nikilala mimi nitamwambia nini? Nimemkosa kwa sababu amekuwa vile nilivyotaka awe. Sasa nimlaumu nani?"

Dereva anakiinua kikapu cha mwisho. Leo hasemi kwamba kimezidi. "Bibi wa kona ameuliza jina lako," anasema. "Anataka siku moja nikubebe na wewe."

"Mwambie nitakuja na boga lisilomenywa, tumenye pamoja. Yeye ashike, mimi nikate."

Kuanzia wiki ijayo matuta yatafunikwa nyasi, na shamba litalala hadi mvua. Ndiyo kanuni, na msimamizi huishika. Lakini jioni Mama Vikapu anamwendea, anamwonyesha kipande cha ardhi kando ya tangi la maji.

"Pale hapapumziki hata hivyo. Bomba linavuja."

"Unataka kupanda nini, mama?"

"Kunde. Kila baada ya wiki mbili, mstari mmoja."

"Mstari mmoja mmoja? Kwa nini usipande zote mara moja?"

"Nikipanda zote mara moja, zitakuwa changa mara moja na kukomaa mara moja. Na mimi sijui atakuja lini. Nikipanda hivi, siku yoyote atakayoshuka, kutakuwa na mstari mmoja unaokatika kwa kucha."

"Na ile itakayokomaa kabla hajaja?"

"Dereva si yupo? Kona anaijua."

Msimamizi anakwenda kibandani, anarudi na kamba ya kunyooshea mistari. Anashika ncha moja mwenyewe, anachuchumaa upande wa tangi. Mama Vikapu anashika nyingine. Kamba inakazwa, na Mama Vikapu anainama, anatoboa udongo kwa kidole, anaangusha punje mbili, anafukia, anasogea.

Mstari wa kwanza unaisha kabla giza halijaingia. Hasimami. Anachukua vijiti na kuvichomeka ubavuni, kimoja kimoja, kuonyesha mistari mingine itakapopita, mpaka vijiti vinafika ukutani na hakuna tena pa kuchomeka.