Kibuyu Kisichoonjwa

Mama mmoja muuza pombe ya ndizi wa soko la Nengo alikuwa akikionja kila kibuyu mbele ya mteja, ili mteja ajue hakina sumu, kisha akafuta mdomo kwa kiganja. Mgeni mmoja alipomuua Mukandutiye, mwenzake Mama wa kuuza pombe, wanaume wa soko walibuni sababu: wivu, ulevi, wazimu. Muuaji akaapa barazani, “Simujui ule mwanamuke. Alinipa pombe bila kuonja, nikaona anataka kuniua.” Mama akasimama, akamkabidhi kibuyu bila kukionja. Kiu ya jela ikamshinda muuaji, akakinywa chote. Mama akamwambia, “Kumbe sumu hauogopi! Sasa sema kweli: ulimuua juu ya nini?” Vigelegele vikalipuka. Mama akafuta kwa kiganja mdomo wake, mkavu safari hii.