Kilo Kumi na Saba za Jumwa

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitaanza kujipamba: mimi ni mmoja wa wale wanawake waliokaribia kumuua Kalama kwa wali wa nazi.

Kalama mwenyewe hatukuwa na ugomvi naye. Wengi wetu hatukuwa tumemwona hata siku moja. Tuliyemjua ni dada yake, Jumwa, anayekaanga viazi karai na mahamri hapa Magongo. Kibanda chake kinapakana na changu, mimi nauza krispi za muhogo. Miaka kumi na mmoja tumekaa hivyo, tukipeana moto, chumvi na umbea.

Jumwa alikuwa na mwili. Sisemi kwa ubaya, kwani kwetu mwili ni ushahidi kwamba mtu ana kwake. Akiinama kupuliza jiko, wateja walikuwa wanasogea kidogo. Mwenyewe alikuwa akicheka: "Mpishi mwembamba nani atamwamini?" Na kweli viazi vyake viliisha kabla ya saa tatu asubuhi kila siku.

Kalama ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma kule Mtongwe. Figo zake zote mbili zilikufa akiwa na miaka thelathini na minne. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine kusafishwa damu. Binamu yao mmoja alijitolea kumpa figo, lakini ukoo ukakaa kikao, maneno yakawa mengi, binamu akabadilisha namba ya simu. Na mama yao, kule Kaloleni, alisema mbele ya watu wote: "Sitazika wawili kwa ugonjwa wa mmoja." Basi Jumwa na Kalama wakaenda hospitali peke yao, kimya kimya, wakaapa kwamba hakuna mtu ataambiwa mpaka daktari akubali.

Damu zikapatana, vipimo vyote vikapatana. Kisha daktari akampandisha Jumwa kwenye mizani: kilo mia na tatu.

"Mama, siwezi kukupeleka ukapasuliwe Nairobi ukiwa hivi," daktari alimwambia. "Presha yako pia inapanda. Ukifika themanini na sita, njoo. Lakini usichukue mwaka. Mishipa ya mkono wa kaka yako, inakopita damu ya mashine, imeanza kuziba. Nakupa miezi sita."

Haya yote niliyajua baadaye. Nakuambia sasa wewe msomaji usije ukamhukumu kama tulivyomhukumu sisi.

Nilichokiona mimi wakati ule ni kwamba Jumwa alianza kufunga kibanda saa nne kasorobo na kupotea. Alikuwa anapanda ngazi za jengo moja jipya upande wa pili wa barabara, ghorofa ya pili, ambako kijana mmoja aitwaye Dancun ana jimu. Kuna chumba chenye baiskeli kumi na mbili zilizofungwa chini, hazina gurudumu la mbele wala safari. Watu wanazipanda kwa pamoja, muziki unapigwa, mwalimu anapaza sauti, wanakanyaga kama wanaofukuzwa na mbwa, na baada ya saa nzima wanashuka palepale walipopandia.

Mwezi wa kwanza Jumwa alifanya kosa ambalo mpishi tu angeweza kulifanya. Alikanyaga baiskeli kila siku, siku nyingine vipindi viwili, kisha akarudi kibandani kula mahamri manne yaliyobaki. Hesabu yake ilikuwa kwamba ameshayalipia kwa miguu. Tena mtu aliyezoea kuonja karai tangu alfajiri hajui kwamba kuonja nako ni kula. Baada ya wiki nne goti la kulia lilikuwa limevimba, na mizani ikamwonyesha mia na mbili.

Alikaa sakafuni pale jimu akalia. Dancun, mzaliwa wa Chaani ambaye lugha yake nusu ni ya Nairobi, akachuchumaa mbele yake.

"Mathe, baiskeli ni poa, lakini peke yake haitakufikisha. Mwili ushaizoea. Siku tatu panda baiskeli. Siku mbili tunabeba vyuma, misuli iamke, hiyo ndiyo inakula mafuta hata ukikaa. Siku moja tembea tu, polepole. Na siku moja ulale kama mtu."

"Na chakula?"

"Chakula kula. Lakini mathe, wacha kuonja."

Jumwa akamtafuta msichana wa kuonja badala yake, akaanza upya. Kutoka nyumbani kwake Chaani hadi Magongo akaja kwa miguu. Vyuma vya Dancun alipokosa muda wa kuvifuata, alitumia mitungi ya mafuta ya kukaangia, lita tano kila mkono. Siku moja nilimkuta nyuma ya kibanda ameshika mitungi, anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, jasho linamtiririka, midomo inahesabu. Nilirudi nyuma taratibu. Nilifikiri ni tumbo, au ni dua ya mganga.

Mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa tisini na tatu, na sisi tukaanza kuogopa. Mashavu yaliingia. Dera ambalo lilikuwa likimkaa vizuri alilibana kwa pini kubwa kiunoni. Nilimuuliza, "Shoga, una nini?" Akasema, "Niko sawa." Sasa hapa kwetu kila aliyezikwa alitanguliza kusema yuko sawa.

Nikalipeleka jambo kwa Mueni. Ndiyo, ni mimi nililipeleka. Mueni ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, Mkamba wa Chaani mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi. Kikundi kina utaratibu wake. Mwenzetu akiugua tunakwenda kumtazama, tumebeba chakula kilichopikwa, na mgonjwa anakula mbele ya macho yetu mpaka sahani ionekane rangi. Asipokula, tunajua amekata tamaa, na tunarudi kesho na chakula kingi zaidi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sisi tunatenda wema kisha tunakaa kutazama.

Tulikwenda wanawake tisa. Kulikuwa na wali wa nazi, mbaazi, kuku, na samaki wa kupaka wa Mueni mwenyewe. Jumwa aliitazama ile sahani kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Alikula. Mueni alisimama na upawa, akaongeza. Jumwa akala tena, machozi yakimlengalenga, na sisi tukaguswa sana. Tukapanga zamu: kila siku mchana mmoja wetu atapeleka sufuria.

Wiki tatu zikapita hivyo. Zamu yangu ya tatu ilipofika niliwahi, nikakuta kibanda kimefungwa, nami nina sufuria ya sima na mchicha wa nazi kichwani. Nikaamua leo nitamfuata nijue anafanya nini kwenye lile jengo. Nikavuka barabara, nikapanda zile ngazi, nikasukuma mlango.

Kipindi kilikuwa kinaisha. Jumwa alikuwa baiskeli ya nyuma kabisa, kichwa ameinamisha, anakanyaga wakati wengine wote wameshaacha. Dancun alimshika bega akamwambia inatosha. Akashuka, akaenda kwenye mizani kwenye kona, akapanda. Nilimwona anasoma, anashuka, anapanda tena kana kwamba mizani imekosea.

Aligeuka akaniona, mimi na sufuria yangu.

"Tisini na sita," alisema. "Nilikuwa tisini na tatu, Ruth. Mnamuua ndugu yangu kwa sufuria."

Tulikaa kwenye ngazi akaniambia yote. Figo, mama, kiapo, mishipa inayoziba, wiki tisa zilizobaki. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nilitamani ile sufuria niitupe dirishani.

"Mbona hukukataa?" nilimuuliza.

"Ningekataaje? Alipokufa baba watoto, miezi miwili sikuweza kuwasha jiko. Ni sahani zenu hizohizo zilizonishika nisianguke. Leo niwaambie sitaki?"

"Basi tuwaambie ukweli."

"Mueni akijua leo, kesho mama anajua Kaloleni. Namjua mama. Atakuja alale mlangoni pa hospitali." Alinishika mkono. "Wallahi Ruth, ukisema, Kalama amekwisha."

Jumwa ni Mkristo wa kubatizwa, lakini Mombasa imetukalia sote ndimini. Aliposema wallahi nikajua hatanii.

Sasa mimi ninao udhaifu mwingi, ila ujanja Mungu alinipa. Nilikwenda kwa Mueni nikamwambia: Jumwa anaona haya kula mbele ya watu kila siku. Nipeni mimi sufuria, mimi jirani, nitasimama naye mpaka amalize. Mueni akanisifu mbele ya kikundi kwa moyo wangu wa kujitoa.

Na tangu siku hiyo, wiki tisa, chakula cha Jumwa nilikula mimi. Sikuweza kumwaga, kwetu chakula hakimwagwi, na kumpa mtu mwingine pale Magongo ni sawa na kutangaza redioni. Kila mchana nilijifungia kibandani mwangu na sufuria, huku ng'ambo ya barabara Jumwa anakanyaga. Sufuria zilirudi zimesafika. Mueni alifurahi wiki ya kwanza. Wiki ya nne akanivuta pembeni.

"Ruth, huyu mtu anamaliza sufuria nzima na bado anakonda. Hii si kawaida. Tuongeze nyama."

Wakaongeza nyama. Jumwa akashuka tisini na moja, akashuka themanini na tisa. Mimi sketi ya kanisani ikakataa kufunga. Akina mama wakaanza kunitania: mjane wa miaka minane ananawiri hivi, amempata nani? Nikacheka nao, nikaenda kubadilisha zipu. Wiki ya saba kikundi kilifunga na kuomba siku tatu kwa ajili ya Jumwa, kukemea roho inayokula chakula chake. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Niliitikia amina kwa nguvu zote.

Siku ya miadi nilimsindikiza. Hakuwa amekunywa hata chai. Alivua viatu, akavua saa, akavua pete, akavua mpaka kitambaa cha kichwa, akapanda. Themanini na tano na nusu. Daktari aliandika bila kuinua macho, kisha akainua, akasema, "Hongera, mama." Jumwa hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mpaka nesi akanipa kiti.

Jioni ileile alikwenda Kaloleni kumwambia mama yake mwenyewe. Aliniambia kwamba mama alimshika begani, mahali ambapo nyama ilikuwa imekwisha, akashuka na mkono wote mpaka kwenye vidole. Kisha akauliza, "Umejitesa hivi bila kuniambia?" Na kabla ya kujibiwa akaanza kufungasha leso. Walipanda treni Miritini watatu, Jumwa, Kalama na mama katikati, kwenda kufanyiwa upasuaji Nairobi.

Treni ilipoondoka nilimwendea Mueni, nikamweleza yote mbele ya akina mama. Nilitegemea matusi, na niliyastahili.

"Kwa hivyo," Mueni alisema, "samaki wangu wa kupaka aliliwa na wewe?"

"Wote."

"Na nilifunga siku tatu nakemea roho. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mwenyekiti."

Alinitazama kutoka juu mpaka kwenye zipu, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. "Na mimi niliyekuwa namwongezea," alisema. "Alikuwa anakula huku ananitazama. Uwii, Jumwa." Hakuna aliyemnyamazisha, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na sufuria yake ya kuililia.

Siku ya upasuaji hatukuuza kitu. Tulikaa kibandani kwa Jumwa, jiko limezimwa, simu yangu juu ya meza ya kukandia unga. Asubuhi Dancun alikuja kutuuliza habari, akaenda kufundisha, akarudi. Kabla hajaondoka mara ya pili alitueleza kitu ambacho hatukukijua. Mtu wa figo zilizokufa hakojoi. Kalama alikuwa na karibu miaka miwili hajakojoa cha kuonekana. Figo mpya ikishika, jambo la kwanza ni hilo. Mpaka hapo, hata daktari hasemi kitu.

Saa tisa alasiri simu ililia. Niliiweka sauti ya nje.

"Ruth mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jumwa ameamka, ameomba maji, amekuulizia wewe." Nilisikia anavuta pumzi. "Na Kalama amekojoa."

Mueni akainamia simu. "Muulize kiasi gani!"

"Mfuko umejaa," mama alijibu. "Wamebadilisha, na wa pili unajaa. Nimekaa hapa naangalia tu, wanangu. Nimekaa naangalia mkojo."

Mueni alitoka nje mpaka ukingoni mwa barabara, akapiga kigelegele, nasi tukamfuata. Vijana wa bodaboda wakauliza nani anaolewa. Mueni akawajibu hakuna harusi, kuna mtu huko Nairobi amekojoa, akavuta pumzi, akaendelea na kigelegele.