Ngazi ya Kunyonya

Siku ya nane ngariba alimfunua mtoto wa Reyna, akayatazama macho yake ya manjano, kisha akakizungushia kisu kitambaa bila kukitumia.

"Bado. Huyu hana nguvu. Akinyonya vizuri mtaniita."

Na kwetu Wayahudi wa Safed jina hutolewa siku ya kutahiriwa, kwa hiyo mtoto akabaki hana jina. Mama Bulisa, mkwewe Reyna, akawa anamwita Mgeni. "Mgeni kalala? Mgeni kakojoa?" Ulikuwa mzaha tu, lakini ulimchoma Reyna kila mara.

Mgeni hakutaka titi. Alilia, akageuza uso, akalia tena mpaka sauti ikamkauka. Walimdondoshea maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, mengi yakaishia shingoni. Reyna naye, aliyezoea kusali bila mawazo kutangatanga, sasa alisinzia katikati ya sala. Akajiona ameporomoka kiroho.

Shemtov, mumewe, aliyefanya kazi ya kuchana sufu, alimkuta akilia aliporudi kutoka darasani kwa wazee wa dini, nyuzi za sufu zikiwa bado ndevuni.

"Leo tumefundishwa jambo," alisema, akakaa karibu naye. "Roho inayopanda kwa Mungu hukaa kwanza kama mimba, halafu hunyonya, ndipo inakomaa akili. Hakuna anayeruka kunyonya. Hata aliyefika juu, akitaka kupanda zaidi, hurudishwa udogoni aanze upya."

"Kwa hiyo wazee wako na ndevu zao wananyonya?"

"Wananyonya, mke wangu. Tena wengine hata titi hawajajua kulishika."

Reyna akacheka na machozi yake. "Basi sijaanguka?"

"Uko ngazini. Huo udogo ndio ngazi yenyewe."

Maneno hayo yakamkaa. Akaona kwamba siku zote alimlazimisha mtoto titi alipolia kwa hasira, kana kwamba alimtaka awe mkubwa papo hapo. Sasa akaanza kumtazama tu, katika udogo wake. Mchana mmoja, mtoto akiwa hajalala wala hajaamka, alianza kufyonza ngumi yake polepole. Reyna hakumwamsha. Alikamua tone la maziwa, akampaka mdomoni, akamsogeza. Mdomo ukafunguka. Mtoto akavuta, akapumzika, akavuta tena, na safari hii koo likasikika likimeza.

"Mama!" Reyna alinong'ona. "Njoo uone, lakini usiseme kitu!"

Mama Bulisa akaja mbio, unga mikononi, akasimama pale ameziba mdomo, uso mzima ukawa mweupe kwa unga.

Wakaendelea hivyo hivyo, kidogo kidogo, hadi mtoto akawa anaamka mwenyewe na kudai haki yake kwa kelele. Macho yakatakata, mashavu yakajaa. Ngariba alipoitwa alimfinya paja, akacheka. "Huyu ndiye yule? Mmenibadilishia!"

Asubuhi ya kutahiriwa watu walijaa hadi uani. Mtoto alipoletwa kwenye kiti cha nabii Eliya, anayeaminiwa kuhudhuria kila tohara, wote walipaza sauti: "Amebarikiwa ajaye!" Kisu kikapita, na kilio kikatoka, kilio cha mtoto mwenye kifua. Ngariba akatangaza: "Gedalya, mwana wa Shemtov!"

Vigelegele vya Mama Bulisa vikawashinda wanawake wote.

Reyna akampokea mwanawe. "Gedalya," alimwita. "Gedalya wangu." Akafungua kifungo cha gauni, na mtoto akalishika titi mwenyewe, kama mwenye mali, huku nyumba nzima ikiimba. Reyna akahisi wanapanda wote wawili.