Ng'ombe Aliyeandikwa Kitabuni

Jumamosi, katika darasa letu la Kiswidi pale maktaba ya mtaa wa Kista, huku ugenini, kila mtu aliambiwa alete kitu cha kwao. Mimi nilileta kiondo. Mzee mmoja Mbelgiji akaweka mezani kitabu kinene cha Kifaransa: historia ya manispaa yao ndogo ya mashambani, yenye kanisa moja na duka la mikate lililofungwa. Mama mmoja Mkongomani akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari.

"Hapa kuna ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Wameandika na jina."

"La mwenye ng'ombe?"

"La ng'ombe, ndugu yangu."

Kisima cha kwetu alikichimba babu yangu, na hajaandikwa popote. Mtu mzima mimi, nikamwonea wivu ng'ombe.

Jioni nilimpigia mama yangu simu nyumbani, daftari mkononi, nikamwuliza majina ya ng'ombe wetu wa zamani. Akataja watatu bila kufikiri.

"Na yule mweusi?"

"Huyo ungemwuliza baba yako."

Baba tulimzika mwaka juzi. Daftarini nimeacha mstari mmoja wazi. Wewe ambaye baba yako bado anashika simu, unanitia wivu kuliko yule ng'ombe wa Mbelgiji.